Treni ya mfano inakwama kila mzunguko: nisafisheje reli ili zikae safi?

ReliYaDonholm

Hamjambo, ndugu na dada wapenzi wa reli ndogo. Naomba msaada wenu, kwa sababu nimechoka kubahatisha na sioni dalili ya kupata nafuu.

Ninaishi Donholm, ghorofa ya tatu, na katika chumba cha ziada nimejenga reli ya mfano juu ya ubao mmoja mzima wa plaiwudi, futi nane kwa nne. Reli zenyewe zina upana wa milimita 16.5, ule unaotumiwa na treni za kipimo cha 1:87 na zile za 1:76, na rangi yake ni ya fedha. Nina vichwa viwili vya treni vya dizeli, kila kimoja kikiwa na magurudumu kumi na mawili, pamoja na mabehewa sita ya mizigo. Kidhibiti mwendo ni kile cha kawaida cha volti 12. Mwaka jana mambo yalikwenda vizuri, lakini tangu Januari, barabara iliyo nyuma ya jengo letu ilipochimbuliwa na vumbi jekundu likaanza kuingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, treni haimalizi mzunguko. Inakwenda nusu duara, inasita, taa ya mbele inapepesa, kisha inasimama kabisa hadi niisukume kwa kidole. Ikienda kwa kasi inapita, ila nikiipunguza mwendo ili iingie stesheni taratibu, ndipo inapokwama. Binti yangu mwenye umri wa miaka tisa amezoea kupiga magoti kando ya ubao akiwa na penseli mkononi, tayari kuisukuma, na jambo hilo linaniuma sana, kwa kuwa nilichotaka aone ni treni inayoondoka polepole kama alivyoiona ile ya kwenda Mombasa ikiondoka Syokimau.

Nilianza kwa kusugua reli kwa msasa namba 180, na nikapata nafuu ya siku mbili hivi. Baadaye nilinunua spiriti ya kusafishia vidonda kwenye duka la dawa, nikazifuta reli zote hadi zikang'aa, lakini jioni ya siku ya pili nilipopitisha kitambaa tena kilitoka na mistari miwili myeusi kama masizi. Hapo nikashangaa, kwa sababu vumbi la kwetu ni jekundu. Mbona uchafu wa reli ni mweusi? Je, kuna njia ya kusafisha ambayo itadumu kwa wiki kadhaa, au nimejitwika kazi ya kila siku?

MzeeWaMataruma

Ndugu yangu, mimi ningeanzia pale ulipomalizia, kwa maana umeliona jambo ambalo wengi hukaa nalo miaka mingi bila kulitambua. Vumbi jekundu na ule uchafu mweusi ni vitu viwili tofauti. Vumbi linachangia, sikatai, lakini weusi huo unazaliwa palepale juu ya reli. Gurudumu hugusa reli mahali padogo mno, na linapobingirika mguso huo huachana na kushikana tena mara nyingi kwa sekunde moja, na kila unapoachana umeme huruka kama cheche. Subiri usiku, zima taa za chumba, kisha uendeshe treni polepole huku umeinama usawa wa ubao: utaziona cheche za buluu zikimetameta chini ya magurudumu. Cheche hizo huunguza uso wa chuma na kuacha oksidi, na oksidi hiyo huchanganyika na mafuta yanayotoka kwenye giya, na chembe za plastiki zinazobanduka kwenye magurudumu ya mabehewa, na vumbi lako la Donholm, mpaka unapata kitu kama lami nyembamba ambayo haipitishi umeme. Lami ikiongezeka, mguso unakuwa mbaya zaidi, cheche zinazidi, na cheche zikizidi lami nayo inazidi. Ndiyo sababu reli iliyopuuzwa haichafuki polepole, bali huharibika kwa ghafla ndani ya siku chache baada ya kuvumilia kwa muda mrefu.

Hilo pia linakueleza kwa nini treni inapita ikiwa na kasi na kukwama ikiwa polepole. Kwa kidhibiti cha aina yako, mwendo wa polepole maana yake ni volti chache, na volti chache hazina nguvu ya kupenya ule utando. Zaidi ya hayo, treni yenye kasi hubebwa na msukumo wake mpaka ikavuka mahali pachafu.

Sasa kuhusu msasa, nakuomba kwa moyo wote uuache. Hizo reli zako za rangi ya fedha hazina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na chuma hicho ni laini. Msasa namba 180 ni wa kusugulia mbao. Umechora mifereji midogo kuanzia mwanzo wa reli hadi mwisho, na kila mfereji sasa ni mahali ambapo lami itajificha na kitambaa hakitaifikia. Ile nafuu ya siku mbili ilikuwa ya kweli, lakini umeilipia. Dawa yake ipo, nayo inahitaji subira: tafuta msasa laini sana, namba 1000 kisha 2000, ule wanaoutumia mafundi wa rangi za magari, uuzungushie kipande cha mbao bapa na upitishe juu ya reli ukifuata urefu wake, bila kukandamiza. Ukimaliza, futa unga wote, halafu chukua washa ya chuma cha pua iliyo nyororo, ile pete bapa inayowekwa chini ya nati, uisugue juu ya reli kwa ubapa wake mpaka uone mng'ao kama wa kioo. Washa haikwaruzi, bali inakandamiza ile mikwaruzo iliyobaki na kuulaza uso wa chuma. Kazi hiyo unaifanya mara moja tu.

Wala usije ukatumia stilwuli, ile ya kusugulia sufuria. Nyuzi zake ni za chuma, hukatika vipande vidogo kama nywele, na mota ya treni ina sumaku. Nyuzi hizo zitavutwa hadi ndani ya mota, na mwisho wake ni shoti.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko reli zenyewe, ni magurudumu. Umesema una mabehewa sita ya mizigo. Ikiwa kila moja lina magurudumu manane, hayo ni magurudumu 48, na sijaona popote uliposema umeyasafisha. Ukizifuta reli na kuyaacha, mzunguko wa kwanza tu utarudisha uchafu wote mahali pake. Pindua behewa moja, utazame ule ukingo unaokanyaga reli: nina hakika utakuta pete nyeusi iliyoganda, na ukiikwangua kwa kijiti cha meno itabanduka kama nta. Kama magurudumu ni ya plastiki, panga kuyabadilisha kidogo kidogo uweke ya chuma, kwa sababu plastiki hushika vumbi na kulibandika upya kwenye reli.

Vichwa vya treni vina njia yake. Tandaza karatasi laini ya jikoni juu ya reli, ilowanishe kidogo kwa kisafishio, kisha ukiweke kichwa cha treni ili magurudumu ya mbele, ya kushoto na ya kulia, yawe juu ya karatasi na ya nyuma yabaki kwenye reli tupu yakipokea umeme. Kishike kwa mkono, fungua umeme taratibu, na magurudumu yatajizungusha juu ya karatasi yakiacha mistari myeusi. Sogeza karatasi mahali pasafi, rudia mpaka mistari ipotee, halafu ukigeuze ili magurudumu ya nyuma nayo yasafishwe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilitumia karatasi nne kwa kichwa kimoja.

Reli ya kweli inatufundisha jambo pia. Anayevuka njia ya reli pale Kibera huona kwamba ubavu wa reli umejaa kutu ilhali uso wake wa juu unang'aa, na kinachoung'arisha ni magurudumu ya treni zinazopita kila siku. Hata kwetu ni vivyo hivyo: reli inayopitiwa kila jioni kwa robo saa, kwa magurudumu masafi, hukaa vizuri kuliko ile inayosubiri Jumamosi.

FundiWaVolti

Shikamoo Mzee. Naunga mkono yote uliyosema, ila ningependa ndugu yetu apime kabla ya kuanza kusugua, kwa sababu siyo kila kusita ni uchafu. Nimeona watu wakifuta reli kwa miezi mitatu ilhali tatizo lilikuwa kiungio kimoja kilicholegea.

Umeme wako unaingia kwenye reli mahali pangapi? Kama ni mahali pamoja tu, basi ili ufike upande wa pili wa duara unapaswa kuvuka viungio vingi, vile vibati vidogo vinavyovaa ncha za reli mbili na kuzishikanisha. Kibati hicho hakikulehemiwa. Kinategemea kubana tu. Baada ya mwaka mmoja kinalegea, oksidi inaingia ndani yake, na kila kiungio kinakula sehemu ya volti zako. Ukizifuta reli kwa juu hutakuwa umegusa tatizo hilo kamwe.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Nenda kwa wauza vipuri vya magari, Kirinyaga Road au popote, ununue balbu ya gari ya volti 12, wati 5. Balbu hiyo hunywa umeme wa takriban ampea 0.4, ambao hautofautiani sana na ule unaonywewa na kichwa cha treni kinachovuta mabehewa. Iunganishie nyaya mbili fupi zenye vibanio, kisha uondoe treni zote kwenye ubao na ufungue kidhibiti hadi mwisho. Bana balbu kwenye reli karibu na mahali umeme unapoingilia, pima volti kwa multimita, yaani kipima umeme, hapohapo kwenye vibanio, uandike. Sogea hatua kwa hatua kuzunguka duara, ukipima kila kipande. Ni lazima balbu iwe inawaka unapopima. Ukipima reli tupu utapata volti nzuri kila mahali na utadanganyika, kwa kuwa kiungio kibovu hakijifichui mpaka umeme uvutwe kupitia kwake. Ukiona namba inashuka ghafla kati ya vipande viwili, umeshamkamata mhalifu.

Tiba ya kudumu ni kupeleka umeme kwenye kila kipande cha reli. Toboa tundu dogo kwenye plaiwudi kando ya reli, pitisha waya mwembamba, uulehemu kwa solda kwenye ubavu wa nje wa reli ili usiguswe na gurudumu, kisha chini ya ubao uziunge nyaya zote hizo kwenye jozi moja ya nyaya nene zinazozunguka ubao mzima. Tumia rangi mbili na usizichanganye, kwani ukikosea waya mmoja tu utapata shoti. Waya na solda utazipata Luthuli kwa bei ya kawaida. Unapolehemu, ncha ya chuma iwe na moto wa kutosha na uiguse reli kwa sekunde mbili au tatu tu. Ukikawia, mataruma ya plastiki, vile vipande vya kukingama vinavyozishika reli, yatayeyuka na reli itapoteza upana wake, na hilo litakuletea shida mpya ya treni kuanguka.

Chunguza pia ndani ya vichwa vya treni. Nyuma ya magurudumu kuna vibati vyembamba vya shaba vinavyogusa mgongo wa gurudumu na kupeleka umeme kwenye mota. Vikishika nywele na nyuzi za zulia, au vikipinda kidogo, gurudumu linakuwa safi na bado umeme haufiki.

MwalimuWaKemia

Kaka wa Donholm, nimeguswa na habari ya binti yako na penseli yake, kwa hiyo niruhusu nizungumzie jambo moja tu ambalo nalifahamu vizuri, nalo ni ile spiriti uliyoinunua.

Spiriti ya kusafishia vidonda imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu. Mara nyingi huwa ndani yake kuna mafuta ya mbarika na vitu vingine vya kulainisha ngozi, ambavyo havirushwi na hewa pamoja na alkoholi. Alkoholi inapokauka, mafuta hayo yanabaki juu ya reli kama utando usioonekana, na utando huo ndio unaonasa vumbi lako jekundu na chembe za oksidi. Kwa hiyo ulipoiona reli iking'aa, sehemu ya mng'ao huo ilikuwa mafuta. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya kutakasia mikono, ambayo hutiwa gliserini. Ukitaka alkoholi, omba ile ya isopropili yenye asilimia 99, inayotumiwa na mafundi wa simu kusafishia bodi. Ile ya asilimia 70 inafaa kuua vijidudu, lakini sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji.

Wapo wapenzi wa reli wanaosema tuiache alkoholi yote kabisa, na hoja yao ina uzito. Wanavigawa viyeyushi katika makundi mawili: vile ambavyo molekuli zake zina ncha mbili za umeme, kama maji na alkoholi, na vile visivyo na ncha hizo, kama mafuta ya taa na ile spiriti nyeupe ya kuchanganyia rangi za mafuta. Kipimo kinachoonyesha tofauti hiyo, kiitwacho kwa Kiingereza dielectric constant, kwa isopropili ni takriban 18, na kwa mafuta ya taa ni takriban 2. Wanaeleza kwamba mabaki ya kundi la kwanza huchochea zile cheche alizozitaja Mzee, ilhali mabaki ya kundi la pili huzituliza. Mimi nimezifanyia kazi zote mbili nyumbani, na ninachokiona ni kwamba isopropili huondoa uchafu haraka, ila reli zilizofutwa kwa spiriti nyeupe hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuhitaji kufutwa tena. Kwa hiyo naosha kwa isopropili mara ya kwanza, pale uchafu ulipo mwingi, kisha napitisha spiriti nyeupe kwa kitambaa kilicholowa kidogo sana, na mwisho nafuta kwa kitambaa kikavu mpaka kidole changu kisihisi unyevu wowote. Kitambaa kiwe cha pamba kisichotoa nyuzi. Fulana kuukuu ya mtumba, iliyofuliwa mara nyingi, inashinda vitambaa vingi vipya vya dukani.

Usitumie thina wala asetoni, kwa kuwa inaweza kuyeyusha mataruma na rangi ya mabehewa. Usiache kisafishio chochote kiguse magurudumu yaliyovishwa pete za mpira, kwani mpira huvimba na kutoka. Na nasisitiza kwa sababu kuna mtoto chumbani: mvuke wa isopropili unaweza kushika moto hata katika joto la kawaida la chumba, na mota ya treni hutoa cheche. Unaposafisha reli, fungua dirisha, zima umeme, usifanye hivyo karibu na jiko, na ungoje reli zikauke kabisa kabla ya kuendesha. Kwa ile njia ya karatasi na magurudumu yanayozunguka, ambayo lazima itumie umeme, afadhali ulowanishe karatasi kwa spiriti nyeupe, matone mawili tu, na ufanye wewe mwenyewe badala ya kumwachia mtoto.

NjiaNyembamba

Naongeza kidogo kutokana na uzoefu wangu wa reli za milimita 9, ambazo vichwa vyake vya treni ni vyepesi na kwa hiyo hukwama kwa uchafu mdogo zaidi. Baada ya kusafisha na kukausha, napitisha penseli laini ya kuchorea, namba 6B, kwenye ukingo wa ndani wa kila reli, mara moja tu, halafu naiacha treni iisambaze yenyewe. Grafiti hupitisha umeme na hupunguza cheche. Tangu nianze, nimekuwa nikisafisha mara moja kwa miezi miwili, nami nipo Kahawa West ambako vumbi si haba.

MzeeWaMataruma

Ni kweli, ila mwambie na upande wake wa pili. Grafiti huteleza. Ukipaka nyingi, au ukipaka kwenye mwinuko, magurudumu ya kichwa cha treni yatazunguka bure bila kupanda. Nilimsaidia kijana mmoja wa Ngong ambaye treni yake haikuweza kuvuta hata mabehewa matatu kupanda daraja lake, na tulipofuta ile grafiti ikapanda na sita. Kwenye tambarare, paka kidogo. Kwenye mlima, usipake kabisa.

Kwa vumbi la kila siku mimi natumia kipande cha hadibodi, kiasi cha sentimita tatu kwa tano, ambacho nimekipachika misumari miwili midogo mgongoni na kuipenyeza katika matundu mawili chini ya behewa, ili kipande kielee na kukaa juu ya reli kwa uzito wake chenyewe, upande wa kukwaruza ukitazama chini. Behewa hilo linasafiri pamoja na treni kila siku kama behewa jingine lolote. Likirudi stesheni nalipindua, naona mistari miwili ya kijivu, naisugua kidogo kwa msasa ili kipande kiwe kipya. Ndiyo kazi pekee ya halali ya msasa katika chumba changu.

ReliYaDonholm

Ndugu na dada zangu, zimepita wiki tatu na nimerudi kuwapa habari kamili, kwa sababu mlijitolea muda wenu bila kunifahamu.

Nilianza na balbu. Karibu na kidhibiti nilipata volti 11.8. Nilipofika upande wa pili wa duara, kwenye ile kona iliyo chini ya dirisha, namba ilishuka hadi 8.1 kwa kuvuka kiungio kimoja tu. Nilikitikisa kwa ncha ya bisibisi, na balbu ikafifia na kuwaka tena mbele ya macho yangu. Nadhani kona ile hupigwa na jua la mchana, reli hutanuka na kusinyaa, na kibati kikalegea. Nimelehemu nyaya kwa vipande vyote kumi na sita, na sasa volti hazishuki chini ya 11.5 mahali popote.

Kisha nikapindua mabehewa. Mzee, pete ulizozisema zilikuwepo, nyeusi na ngumu, na kwenye behewa moja nilikuta pete nene kiasi kwamba behewa lilikuwa likitikisika kama linapita juu ya mawe. Binti yangu aliyasafisha magurudumu yote 48 kwa pamba za masikio na spiriti nyeupe kidogo, dirisha likiwa wazi, na mimi nikashughulikia vichwa vya treni. Ile mifereji ya msasa ilinichukua jioni tatu kuiondoa. Nimenunua pia nailoni pana ya kufunikia ubao usiku, na nimegundua kwamba lazima niiweke juu ya fito, maana ikilala juu ya reli yenyewe huacha vumbi lililoshikwa upande wa chini.

Treni sasa inamaliza mizunguko hamsini bila kuguswa. Limebaki jambo moja: kwenye pointi, pale reli inapogawanyika kwenda kwenye maegesho, kichwa kimoja bado kinasita kwa nukta moja kikienda polepole. Nimesafisha juu na hakuna mabadiliko.

FundiWaVolti

Hongera sana, na mpe binti hongera zake. Kwenye pointi umeme mara nyingi hupita kupitia ule ulimi mwembamba wa reli unaosogea na kuegemea reli kubwa, na mahali unapoegemea ni ubavuni, si juu. Sogeza ulimi katikati, kata kipande chembamba cha karatasi ngumu, kiloweshe kwa isopropili, ukipenyeze kati ya ulimi na reli, ubane ulimi kwa kidole na uivute karatasi taratibu. Rudia upande wa pili. Ukiona karatasi imetoka nyeusi, umepata jibu.

Isipotoka nyeusi, tazama pale reli mbili zinapokatana katikati ya pointi. Kama kipande hicho ni cha plastiki, gurudumu linalopita juu yake halipati umeme kwa muda huo mfupi, na kichwa cha treni ambacho vibati vyake havigusi magurudumu yote kitasita hapo hata reli zikiwa safi. Hesabu ni magurudumu mangapi ya kichwa hicho yanayopokea umeme, kisha utuandikie.

ReliYaDonholm

Karatasi ilitoka safi. Nimekifungua kichwa kile: magurudumu manane tu kati ya kumi na mawili ndiyo yenye vibati, na kibati kimoja cha nyuma kilikuwa kimezingirwa na unywele mrefu uliojizungusha kwenye ekseli. Nimeutoa kwa kibanio cha nyusi na kukirudisha kibati kikaguse gurudumu. Sasa hivi treni imevuka pointi mara kumi kwa mwendo wa kuingia stesheni, na binti anaihesabu kwa sauti.